Umeme wa Mawimbi na Ahadi Niliyoitoa Mlimani

Mwezi Desemba uliopita mjukuu wangu anayesomea ufundi wa umeme alikuja kunijulia hali hapa Same akitokea Tanga. Baada ya chakula cha jioni tulikaa barazani, upepo ukitupepea vumbi kama ilivyo desturi ya mji huu, naye akaanza kunieleza habari za umeme unaofuliwa kwa nguvu ya mawimbi ya bahari. Alieleza vizuri. Alichora kwa kijiti mchangani, akataja vipimo, nami nikamsikiliza kwa ile furaha anayoipata mwalimu mstaafu aonapo kwamba mtoto wa nyumbani kwake amejua jambo asilolijua yeye. Lakini alipofika mwisho akasema, "Na kubwa kuliko yote, babu, mawimbi ni bure. Hakuna wa kumlipa."

Nilinyamaza kitambo, naye akadhani nimesinzia. La hasha. Nilikuwa nimelisikia neno hilo "bure" kwa sauti yangu mwenyewe, kwa kuwa nami nilipata kulitamka mbele ya wazazi wapatao mia mbili, mwaka 1986, na matokeo yake sijayasahau. Kisa hicho nitakieleza mahali pake. Swali ninalotaka tulifikirie, ndugu msomaji, ni hili: mtu anayewaahidi wenzake jambo jema, je, ana ruhusa ya kuyanyamazia magumu yake ili wasije wakalikataa?

Tuanze na mawimbi yenyewe, maana asiyelielewa jambo hawezi kuihukumu ahadi inayotolewa juu yake.

Nguvu ya mawimbi asili yake ni jua. Jua huipasha dunia joto bila usawa, hewa ikasogea, tukapata upepo. Na upepo ukipita juu ya maji kwa mamia ya maili huyasukuma yakavimba, na uvimbe huo ukasafiri hadi pwani hata baada ya upepo wenyewe kutulia. Wengi hudhani kwamba maji ndiyo yanayosafiri. Sivyo. Wakati mmoja niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Pangani, watoto wa mlimani ambao walikuwa hawajapata kuiona bahari, nikawaambia watupe kifuu cha nazi mbali kidogo na ufuko. Kifuu kilipanda na kushuka, kikapanda na kushuka, kikabaki karibu pale pale huku mawimbi yakikipita chini. Kinachosafiri ni nguvu. Msichana mmoja aliniuliza ni nani anayeyasukuma na kama huwa hachoki. Nilimpa habari za jua na upepo, lakini hata leo nadhani swali lake lilikuwa kubwa kuliko jibu langu.

Usichanganye jambo hili na maji kujaa na kupwa. Hiyo ni kazi ya mwezi ukisaidiwa na jua, nayo ina saa zake zinazojulikana. Wafaransa wamekuwa wakifua umeme kwa njia hiyo katika mlango wa mto Rance tangu mwaka 1966, kwa mtambo wa megawati 240. Mawimbi hayana ratiba ya namna hiyo.

Zipo njia nyingi za kuyakamata. Ile niliyoielewa upesi ni ya chumba. Hujengwa chumba cha zege kisicho na sakafu, nusu kikiwa ndani ya maji. Wimbi likiingia kwa chini, maji hupanda chumbani na kuisukuma hewa itoke kwa nguvu kupitia tundu la juu. Wimbi likirudi nyuma, hewa huvutwa irudi ndani. Katika tundu hilo huwekwa gurudumu lenye mapanga. Profesa Alan Wells wa Belfast alibuni gurudumu linalozunguka upande ule ule mmoja, hewa itoke au iingie. Bahari inavuta pumzi, gurudumu linazunguka, taa inawaka. Mjukuu wangu aliponichorea hilo nilimwomba arudie, si kwa sababu sikuelewa bali kwa kuwa lilinipendeza.

Sasa njoo kwenye magumu. Wimbi likiongezeka kimo mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Likiongezeka mara tano, nguvu huwa mara 25. Mtambo ulioundwa kula mawimbi ya mita mbili kila siku, ipo siku utaletewa wimbi la mita kumi, nao hauna mahali pa kukimbilia. Sisi wa Same tunaopakana na Hifadhi ya Mkomazi tunalielewa hilo bila hesabu: ua unaomzuia mbuzi haumzuii tembo, na ukitaka kujenga ua wa kumzuia tembo, gharama yake itazidi thamani ya shamba. Hapo ongeza chumvi inayokula chuma, na viumbe vya baharini vinavyojipachika kwenye kila kitu, na kwamba fundi akitaka kukaza nati moja lazima akodi meli na kungoja bahari itulie. Bahari ikitulia ndipo fundi anapoweza kufanya kazi, na ndipo mtambo unapokuwa hauna kazi.

Watu wamejaribu kwa muda mrefu. Mwaka 1799, mjini Paris, baba na mwanawe wa ukoo wa Girard waliomba hati ya kulinda ubunifu wao wa kutumia mawimbi kuendesha mashine. Baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alibuni chombo kilichopewa jina la bata, kwa kuwa kilitikisa kichwa juu ya maji kama bata. Serikali ya Uingereza iligharamia utafiti kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1982 ikaupunguza hadi karibu ya kuufunga, kwa hoja kwamba umeme huo ungekuwa ghali mno. Salter alishikilia kwamba hesabu za gharama zilizotumiwa kumhukumu zilikosewa. Alifariki mwaka 2024, na bata wake hakupata kuelea baharini kwa ukubwa uliokusudiwa.

Mwaka 1995 mtambo mmoja mkubwa ulioitwa Osprey ulivutwa hadi Dounreay, kaskazini mwa Scotland. Kabla haujashikizwa sawasawa chini ya bahari, mawimbi yaliupasua. Mwaka 2004 ukaja mwingine, Pelamis, wenye umbo la nyoka wa chuma aliyeungwa vipande vipande, nao ukapeleka umeme wa mawimbi katika gridi ya taifa la Uingereza huko Orkney. Mwaka 2008 nyoka watatu wa aina hiyo walipelekwa Ureno, mahali paitwapo Aguçadoura, jumla ya megawati 2.25. Baada ya miezi miwili hivi walirudishwa bandarini, kwa sababu ya ubovu wa beringi, na mwenye fedha naye akafilisika wakati ule ule. Hawakurudi tena majini. Kampuni iliyowaunda ilifungwa mwaka 2014.

Si kwamba hakuna kilichosimama. Katika mji wa Mutriku, nchi ya Wabaski huko Hispania, ukuta wa bandari ulikuwa lazima ujengwe kwa vyovyote vile, basi wakaweka ndani yake vyumba vya hewa vya namna ile niliyoieleza, magurudumu 16, kilowati 296 kwa jumla. Umeanza kazi mwaka 2011. Kilowati 296 si kitu kikubwa, lakini mimi niliyewahi kuwa na kilowati nne siwezi kuzidharau.

Na pwani yetu je? Magharibi mwa Scotland kila mita moja ya wimbi huwa na wastani wa zaidi ya kilowati 40, ilhali bahari nyingi za karibu na ikweta hazifikii nusu ya hapo. Tena tuna miamba ya matumbawe inayoyavunja mawimbi kabla hayajafika, na hiyo ndiyo iliyowapa wavuvi wetu maji matulivu ya kuegesha ngalawa. Kusi ikivuma kuna nguvu, lakini manahodha wanazijua pia siku za maleleji. Kwa hiyo aahidiye umeme wa mawimbi kwa Tanga au Unguja hana budi kusema pia mambo haya.

Habari za Unguja zinanikumbusha jambo. Tangu mwaka 1980 kisiwa kile kilipata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu mji wa Zanzibar ulikuwa gizani, pampu za maji zimesimama, wenye uwezo wakiungurumisha jenereta, na bahari pande zote ikipanda na kushuka usiku na mchana kama kifuu changu cha Pangani. Waya mpya ulilazwa mwaka 2013. Pemba nayo ilipata wa kwake mwaka 2010, kutoka Tanga, na mimi hupenda kuwaza kwamba katika taa za Wapemba imo sehemu ya maji ya milima yetu, maana vijito vya Upare hushukia mto Pangani au Mkomazi unaoingia humo, na mto huo ndio unaofua umeme pale Hale na kwenye maporomoko ya Pangani kabla ya kufika baharini.

Basi nije kwenye kisa changu.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Pare Kusini, chini kidogo ya msitu wa Shengena. Nilikuwa na umri wa miaka 37. Mafuta ya taa yalikuwa adimu. Watoto wa darasa la saba walijisomea kwa koroboi, na wakati mwingine bila hata koroboi. Chini ya shule kulikuwa na kijito chenye maporomoko ya mita kumi na tano hivi. Akatokea fundi mmoja aliyekuwa na mtambo mdogo, gurudumu la chuma lenye vikombe na jenereta ya kilowati nne, akasema tukileta fedha za bomba na saruji atatufungia. Ungetosha kuwasha madarasa manne na zahanati.

Fundi yule alikuwa mkweli, na hilo ndilo linalonifunga mdomo nikitaka kumlaumu. Aliniita pembeni akaniambia, "Mwalimu, maji haya yana mchanga. Beringi hazitazidi mwaka. Lazima kijiji kitenge fedha kila mavuno, na lazima vijana wawili wafundishwe kuusafisha mtambo kila juma, hasa wakati wa masika." Nilimwambia nimeelewa.

Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti wa kijiji alinipa nafasi, nami nikasimama. Nilikuwa na ufasaha siku zile. Nikazungumzia watoto na macho yao, nikazungumzia mama anayejifungua usiku zahanati ikiwa gizani, na mwisho nikasema, "Maji haya tumepewa bure. Tukishachanga mara moja, kazi imekwisha, tutakaa tukila mwanga." Habari za beringi, mchanga na vijana wawili sikuzitaja. Sikuzisahau; nilikuwa nazo kwenye karatasi mfukoni. Nilitazama nyuso za watu, nikaona kwamba mchango wa mara moja watautoa na mchango wa kila mwaka hawatautoa, basi nikaiacha karatasi mahali ilipo.

Katika chuo cha ualimu nilichosomea kulikuwa na mkufunzi aliyekuwa akirudisha kila andalio la somo ambalo mwanafunzi hakuandika magumu anayoyatarajia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwarudishia walimu wangu maandalio yao kwa kosa hilo hilo.

Kila kaya ilitoa shilingi 200. Mjane mmoja, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kumaliza shule na kuhamia Tanga, aliuza mbuzi akaleta 400, akasema nusu ni ya shemeji yake aliye mgonjwa. Taa ziliwaka mwezi Julai. Siwezi kuieleza furaha ya usiku ule. Ziliwaka kwa miezi kumi. Mwezi Mei masika ilileta mchanga, mtambo ukaanza kulia kama nguruwe, ukasimama. Hapakuwa na akiba wala aliyefundishwa. Niliitisha mchango mwingine, na mzee mmoja akasimama akauliza kwa upole, "Mwalimu, si ulituambia mara moja?" Watu hawakunitukana. Wangalinitukana ingekuwa nafuu. Walitawanyika tu, na miaka miwili baadaye, tulipotaka kujenga choo cha shule, waliohudhuria hawakuzidi ishirini.

Jambo linalonitia haya zaidi ni kwamba mita mia tatu juu ya bomba letu ilikuwapo ndiva. Kwa msomaji asiye wa kwetu: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, ambalo wazee wa Kipare walijenga ili maji ya kijito yajae usiku na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Ndiva nyingine zina umri unaozidi kumbukumbu ya mtu yeyote. Zimedumu kwa kuwa anayepewa zamu ya maji anajua tangu siku ya kwanza kwamba atatoka kwenye msaragambo kuzoa tope na kuziba nyufa, na asipotoka, faini ipo na zamu yake ipo hatarini. Hakuna aliyepata kuambiwa kwamba maji ya ndiva ni ya bure. Nilipita kando ya bwawa lile kila siku nikienda shuleni.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akinitetea dhidi yangu mwenyewe. Hoja yake ilikuwa na nguvu, nami sitaki kuipunguza. Alisema, "Ungetaja yote wangekataa, na watoto wale wasingepata hata ile miezi kumi. Mwaka ule ulifaulisha watoto wengi kuliko mwaka wowote kabla yake. Wote walioanzisha jambo kubwa hapa duniani walisema mazuri na kumeza magumu. Nani angeoa kama angesomewa gharama zote?" Na kweli, tukitazama bonde letu, sidhani kwamba bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa miaka ya 1960 kulikuwa na mtu aliyekwenda hadi Pangani mjini kuwaambia wenye minazi kwamba siku zijazo, maji ya mto yakipungua kwa kuchotwa na wengi huko juu, bahari itapanda ndani ya mto na chumvi itafika mizizini. Imefika. Nasi huku juu tumepata taa. Je, afadhali lisingejengwa? Siwezi kusema hivyo, nikiwa naandika chini ya balbu.

Lakini nimeifikiria hoja ya rafiki yangu kwa miaka mingi, na naona inachanganya watu wawili walio tofauti. Waliowapeleka wale nyoka wa chuma Ureno hawakujua beringi zitakavyokuwa. Walikwenda kujua, na bahari ikawaambia. Anayeahidi asilolijua anaweza kukosea, na kosa lake linaweza hata kuwafaa watakaofuata. Mimi nilijua. Nilichowanyima wale wazazi si taa. Niliwanyima nafasi ya kukataa, au ya kukubali kwa masharti yao, au ya kusema kama wangesema, "Mwalimu, basi tufanye kama tunavyofanya kwenye ndiva." Sikuwapa nafasi ya kunishinda kwa akili. Niliwafanya watu wazima kuwa wanafunzi wa darasa la kwanza, ambao tunawaficha mambo kwa faida yao. Na yule aliyewadanganya watu wa serikali kwa kuzidisha gharama, kama ni kweli ilitokea hivyo kwa Salter, alifanya dhambi ile ile kwa kuingilia mlango wa nyuma.

Mwaka 2011, nilipokwisha kustaafu, nilipanda mlimani kumtafuta yule mjane. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia, lakini aliitambua sauti yangu. Nilimweleza yote, hata habari za karatasi mfukoni, nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi kwa mbuzi wako."

Alicheka. Akasema, "Mwanangu mwalimu, mimi nilijua kwamba kitaharibika. Kinu cha kusaga cha marehemu mume wangu kilikuwa na beringi. Kitu kinachozunguka kinaharibika."

"Sasa mama, kwa nini ulitoa?"

"Ulisimama ukaomba. Nilidhani unajua la kufanya kikiharibika."

Nilikuwa nimekwenda kupunguza mzigo nikateremka nao umeongezeka. Yeye hakuwa ameuamini mtambo hata siku moja. Alikuwa ameniamini mimi. Alifariki kabla nguzo za umeme hazijafika kijijini kwao. Sasa zimefika, na shule ina taa. Gurudumu letu limetundikwa kwenye mti na kugongwa kama kengele.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu wangu usiku ule barazani. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Kwa hiyo, babu, unanishauri niache mambo ya mawimbi?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia aende nayo, na nikipata uhai nitafurahi kusikia kwamba ukuta mmoja wa bandari katika pwani yetu unavuta pumzi kama ule wa Mutriku. Ila nilimpa karatasi, nikamwomba aipige mstari katikati, kushoto aandike mazuri na kulia aandike gharama, na asimpelekee mtu yeyote upande mmoja bila mwingine. Upande wa kushoto aliujaza upesi. Kulia aliandika "chumvi" na "dhoruba", akasita.

"Na wakisoma upande huu wakakataa?" akaniuliza.

"Watakuwa wamekataa," nikamjibu.

Aliondoka asubuhi na basi la Tanga akaisahau karatasi mezani, au labda aliiacha makusudi. Nimeongeza ninayoyajua: beringi, grisi, waya wa chini ya bahari, mshahara wa mlinzi, mafunzo ya vijana wawili. Kodi ya meli ya mafundi sijaipata bei yake. Nimemwandikia aulize bandarini.